Kijiwe kinalea hata mtu mzima

Nilikuja Dar nikitokea Njombe nina miaka 21, mama alinipa onyo moja tu, usivute bangi, na kweli sijavuta mpaka leo. Ila miezi kama minne baada ya kuanza bodaboda huku Mbagala nikampigia simu, nikamsalimia, akanyamaza kidogo halafu akauliza wewe ni nani. Nikamwambia mama ni mimi. Akasema mbona unaongea kama unagombana na mtu.

Sikuwa nagombana na mtu. Ile ndio sauti ya kijiweni, na mimi sikujua kama nimeshaibeba.

Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha lolote. Ukivaa helmeti wanakuuliza leo unaenda vitani, ukikataa kubeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wanasema dogo ana hela huyu, ukirudi umepita njia isiyo yako na trafiki hajakukamata wanacheka na kukugonga mgongoni, unaitwa mwanetu. Mi nilikuwa nataka sana kuitwa mwanetu, mjini hapa sikuwa na ndugu hata mmoja. Basi helmeti ikawa inaning'inia kwenye kioo, nikaanza kubandika mikeka kila Jumamosi na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kubeti, hata kutembea kwangu kukabadilika. Na niseme ukweli, watu hawa walinipenda. Nilivyougua malaria wiki nzima walichanga wakanilipia hesabu ya bosi, ile hela ya mwenye pikipiki, hakuna aliyenidai. Ndio maana inakuwa ngumu, kundi likiwa baya tupu utalikimbia, lakini linalokulisha ukiugua utalifuata hata linapokosea.

Siku iliyonifungua macho ni ya ajali. Mwenzetu alichomekea gari dogo, nimemuona kwa macho yangu, yule dereva hakuwa na kosa. Tukamzingira dakika hiyo hiyo, watu ishirini hivi, mama wa watu anatetemeka ndani ya gari na mtoto kakaa nyuma. Trafiki akafika akawa anatuuliza mmoja mmoja, wa kwanza akasema gari ndio limemfuata, wa pili hivyo hivyo, wa tatu, ilipofika kwangu nikasema gari ndio limemfuata. Mwenzetu alichubuka goti tu, yule mama akalipa hela ambayo hakustahili kulipa. Usiku sikulala. Hakuna aliyenitisha wala kunihonga, mdomo ulifunguka wenyewe tu.

Baadaye sana nikakutana na habari za mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alifanya jaribio mwaka 1951 na vijana wa chuo. Unaonyeshwa mstari mmoja, halafu mistari mitatu, useme upi unalingana na ule wa kwanza, kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anapatia. Kumbe wenzako wote mle chumbani wamepangwa kutoa jibu la uongo, na wewe zamu yako inafika wengine wameshajibu. Robo tatu ya wale vijana walifuata jibu la uongo angalau mara moja. Nikajiona mle ndani kabisa, niko kwenye foleni nasubiri trafiki anifikie.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni kingine. Asch alipoweka mtu mmoja tu anayetoa jibu la kweli, kule kufuata uongo kukashuka sana. Mmoja tu, wengine wote wanaendelea kudanganya vilevile.

Na hiki nilikuwa nimeshakiishi. Mwaka uliofuata alihamia kaka mmoja pale kijiweni, mtu mzima, anavaa helmeti kila safari na mshikaki habebi. Wakamwita mchungaji, akawa anaitikia tu na kuendelea na kazi. Mi nikaanza kuvaa ya kwangu. Nilikuwa naijua hatari ya kichwa kugonga lami miaka yote, sikufundishwa jipya, ila sasa tukawa wawili na ule utani ukawa hauchomi. Kufika Ramadhani tulikuwa saba.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejilaumu kila usiku kwamba huna msimamo, kesho naacha kubeti, kesho naacha pombe, halafu kesho unarudi kukaa pale pale peke yako katikati ya watu kumi na wanne, punguza kujilaumu na anza kutafuta mtu mmoja. Kila kijiwe, kila ofisi, kila bweni yupo ambaye naye hapendi ila ananyamaza. Mfuate pembeni, sio mbele za watu, mwambie mi hiki kitu kinanisumbua, we unaonaje? Utashangaa. Na kama kuna jambo la kuamua, pima moyoni unasimama wapi kabla wenzako hawajaongea, na ukiwa mwenyekiti wa kikundi we ongea mwisho, maana mkubwa akishatoa neno wengine wanarudia tu.

Pia usiwe na kundi moja. Mi nilirudi kwaya, mazoezi Jumatano na Jumamosi, na ile Jumamosi ndio iliyomaliza mikeka kuliko kiapo chochote. Mtu mwenye kundi moja atakubali lolote lisimtoke.

Ukizunguka ukakosa hata huyo mmoja basi hama. Najua kuhama kuna gharama, kiingilio unalipa upya, wateja wako wa asubuhi unawaacha, na kule unaanza kuwa mgeni tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka pembeni elfu hamsini ya kuhamia kijiwe kingine kabla yule kaka hajaja.