Jibu: Kutambua mpunga wa kale kwenye udongo usio na punje

Ndugu wa Urambo, umeuliza kama shimo la uchimbaji wa mambo ya kale lisilo na punje hata moja linaweza kuonyesha kuwa mpunga ulilimwa hapo. Linaweza, kwa fitolithi: chembe za silika zinazoundwa ndani ya seli za mmea, zinazobaki mmea ukioza.

Chukua gramu 5 kila tabaka, ukianzia chini ili udongo wa juu usidondokee sampuli. Ondoa chokaa kwa asidi hidrokloriki ya 10%, chekecha (maikroni 250), tenga mfinyanzi, choma mabaki ya mimea kwa nyuzi 500 za Selsiasi, kisha elesha fitolithi kwenye kimiminika kizito cha gramu 2.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Ukilipua kazi kwenye mfinyanzi, hadubini itaonyesha ukungu tu.

Seli za ganda la punje zenye vilele viwili huashiria Oryza, yaani jenasi ya mpunga. Fitolithi za jani zina umbo la feni. Zikiwa na alama 9 au zaidi kama magamba ukingoni, huelekea mpunga uliolimwa. Ila kipimo hicho ni cha mpunga wa Asia, na huku mpunga mwitu, Oryza longistaminata, humea wenyewe mabondeni. Linganisha na huo mwitu kwanza.

Tatizo kubwa ni mbuga yenyewe, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni: kiangazi hupasuka, na fitolithi za jaruba la juzi huzama hadi tabaka la kale. Binafsi ningeamini zaidi sampuli ya chini ya sakafu ya kale iliyoshindiliwa, inayozuia chembe za juu kuzama.