Wasomaji Wanauliza: Wawili Mlimani Mwisho wa Juma

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wawili wawili, mke na mume au wachumba, waliokodi kijumba cha mbao mlimani kwa usiku mbili na wanaotaka kuitumia Jumamosi kupanda kilele. Zinazogusa usalama tumezijibu kwa kirefu.

SWALI: Kijumba tulichokodi kipo mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele kipo mita 2,300. Njia ya kwenda ni kilomita 7. Mume wangu anasema tutafika kwa saa moja na nusu, kwa kuwa ndivyo tunavyotembea kilomita hizo barabarani. Ni kweli?

JIBU: Hapana, dada. Mume wako amehesabu urefu wa njia akasahau kimo. Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa kanuni ambayo mpaka leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu, kilomita 7 ni saa 1 na dakika 24, na mita 900 za kupanda ni saa 1 na nusu. Jumla inakaribia saa 3, na hapo hamjasimama hata kunywa maji.

Tena kanuni hiyo inamfaa mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri. Asiyezoea milima aongeze robo ya muda, inakuwa saa 3 na dakika 40 hivi. Wekeni nusu saa ya mapumziko, mtafika kwa saa 4 na dakika 10. Kushuka nako wengi wanakukadiria vibaya, wanadhani ni nusu ya muda wa kupanda. Kwa miguu iliyochoka, juu ya mawe yanayoteleza, hesabuni theluthi mbili: saa 2 na nusu. Ukijumlisha nusu saa ya kukaa kileleni, siku yenu ni ya saa 7 na dakika 10. Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi mtakuwa juu saa 4 na dakika 40, na mtarudi kijumbani kabla ya saa 8 mchana.

Angalieni pia kama njia inapanda moja kwa moja. Ikiteremka bondeni mita 150 kisha ikapanda tena, mita hizo nazo zinahesabiwa: dakika 15 zaidi wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi mtalipanda bonde hilo upande wa pili. Fuateni njia kwenye ramani kwa kidole, mhesabu kila mstari wa kontua (mstari unaounganisha mahali penye kimo kimoja) mnaouvuka mkipanda, kisha mzidishe kwa tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari. Mistari inapobanana, hapo pana mteremko mkali na mwendo wenu utapungua.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Ijumaa usiku, kabla ya kulala, kubalianeni saa ya kugeuka na muiandike. Kwa ratiba hii saa 6 mchana inafaa. Ikifika, mnageuka hata kama kilele mnakiona. Uamuzi huo ufanywe kijumbani, kwa sababu kule juu, mmoja akiwa amechoka na mwenzake bado ana hamu, kila hoja inakuwa ugomvi.

SWALI: Mimi ni mwepesi mlimani, mke wangu huenda taratibu. Huwa natangulia na kumsubiri kwenye kila kona, lakini akinifikia ananuna. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Ndugu, hesabu mapumziko. Unafika kwenye kona, unakaa dakika 5, unakunywa maji. Yeye anafika anahema, wewe unasema "haya, twende". Mkifanya hivyo mara nane, wewe umepumzika dakika 40 na yeye hajapumzika hata moja. Aliye dhaifu ndiye anayepanda bila kusimama. Hakuna mwili unaovumilia hilo, na ana haki ya kununa.

Mwenye mwendo mdogo atangulie. Wewe kaa hatua tatu nyuma yake, usimkanyagie visigino. Mwendo unaofaa ni ule ambao nyote wawili mnaweza kusema sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi. Maneno yakianza kutoka mawilimawili, punguzeni. Dakika 20 za mwanzo ziwe za polepole kuliko mnavyoona inahitajika, kwa sababu moyo na misuli bado havijapata moto. Fupisheni hatua kadiri mlima unavyosimama. Mahali pakali mno kuna mbinu: kila hatua, nyoosha kabisa goti la mguu wa nyuma na utulie nusu sekunde. Uzito unabebwa na mifupa badala ya misuli, na paja linapata nafasi ya kulegea. Mtaona mnakwenda polepole sana, lakini mtapanda saa nzima bila kusimamasimama.

Pumzikeni mara moja kwa saa, dakika 10 hivi, na zianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapotua mzigo. Mkikaa nusu saa misuli inapoa na kuanza upya kunauma.

Kisha gawaneni mizigo upya. Mzigo wa siku moja ukizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mtu unaanza kumchosha: mwenye kilo 60 asizidi kilo 6. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo wewe mwepesi ukibeba lita 2 zake umemwondolea mzigo mkubwa kuliko vitu vyote vidogo mnavyobishania. Hata hivyo kila mmoja abaki na koti lake la mvua, tochi ya kichwani, filimbi, chakula kidogo na walau nusu lita ya maji. Mkipoteana kwenye ukungu, aliyebeba begi lenye kila kitu hatamsaidia mwenzake.

Na acha kumwambia "tunakaribia kufika" kama si kweli. Mwambie "zimebaki mita 200 za kupanda, dakika 30 hivi". Mtu akijua kilichobaki anaweza kujipanga; akidanganywa mara mbili hatakuamini siku utakaposema kweli.

SWALI: Kupanda hakunisumbui, ila tukishuka magoti yananiuma na mapaja yanakaza siku mbili nzima. Mchumba wangu haumwi. Kwa nini?

JIBU: Wakati wa kushuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inabeba uzito huku inarefushwa. Kazi ya namna hiyo huchanachana nyuzi ndogondogo za misuli kuliko kupanda, na maumivu yake huja baadaye, kati ya saa 24 na 72. Paja likichoka, breki inahamia kwenye goti. Mchumba wako huenda ana mapaja yaliyozoea, au anapiga hatua fupi kuliko zako.

Anza mazoezi wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Simama kwenye ngazi ya kimo cha sentimita 20, shusha kisigino cha mguu mmoja chini kwa kuhesabu hadi tatu, gusa sakafu, rudi juu. Mara 10 kila mguu, raundi 3, siku mbili au tatu kwa wiki. Zoezi hili ndilo linalofanana na kushuka. Kukimbia uwanjani hakutoshi.

Siku yenyewe, shuka kwa hatua fupi na goti lililokunjwa kidogo, usilitue likiwa limenyooka. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia sana kama urefu wake ni sahihi: tambarare, kiwiko kiwe na pembe ya nyuzi 90, unapopanda zifupishe sentimita 5 hadi 10, unapoteremka zirefushe kiasi hichohicho, na uzitangulize chini kabla ya mguu. Wengi huziburuta nyuma, wakabaki na mzigo wa ziada tu.

Kabla ya kuanza kushuka, kaa ufunge viatu upya. Kaza kamba kwenye kifundo ili kisigino kisielee, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi. Ndani ya buti kuwe na nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu. Lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Sehemu ikianza kuwaka moto ndani ya soksi, simama hapohapo uibandike plasta. Lengelenge halijatokea bado, na dakika 3 hizo zitalizuia. Goti likivimba, likikwama au likikosa nguvu, hilo si la mazoezi, ni la daktari.

SWALI: Je, jinzi na fulana za pamba zinatosha? Kijumbani kuna joto zuri.

JIBU: Hazitoshi. Joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mnazopanda, na upepo wa kileleni unaongeza baridi. Pamba ikilowa jasho haikauki, inashikilia maji na kunyonya joto la mwili. Vaeni ya ndani ya sufu au nailoni, ya pili nzito, na ya juu inayozuia upepo na mvua. Anzeni safari mkihisi baridi kidogo ili msiloe jasho, na koti livaliwe mara tu mnaposimama. Mwenzako akitetemeka, akajikwaa na maneno yake yakaanza kuburuzika, mwili wake unapoteza joto: mkinge upepo, mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mpe kitu kitamu akiwa anaweza kumeza, kisha mshuke. Pombe msiitumie, inapoteza joto zaidi.

SWALI: Mwaka jana tulilala kwenye kijumba cha mita 2,900 na usiku sote wawili tuliumwa kichwa. Tuliambiwa ni mwinuko. Tulikuwa na jiko la mkaa ndani.

JIBU: Inawezekana ni mwinuko, lakini jiko hilo linatutia hofu. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, saa kadhaa baada ya kufika: kichwa, kichefuchefu, uchovu, usingizi wa mang'amung'amu. Sumu ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa ina dalili hizohizo, na hewa yake haina harufu wala rangi. Tofauti iko hapa: sumu huwakamata waliomo ndani kwa wakati mmoja, na wakitoka nje kichwa huanza kupoa. Mwinuko haubagui ndani na nje, na mara nyingi humpata mmoja akamwacha mwingine.

Msipojua ni lipi, chukulieni ni sumu. Tokeni nje nyote wawili, fungueni milango na madirisha, jiko litolewe, na mtafute matibabu hata mkihisi nafuu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi, na hata moto ukiwa umebaki majivu mekundu. Kwa jiko la kuni lenye bomba, hakikisheni bomba halijaziba na mje na king'ora kidogo cha kutambua hewa hiyo.

Ikiwa ni mwinuko, msipande siku inayofuata mpaka dalili ziishe. Zikizidi, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku.

SWALI: Radi ikitukuta njiani tufanyeje?

JIBU: Mvua za radi milimani huja zaidi baada ya saa 6 mchana, ndiyo sababu nyingine ya kuondoka alfajiri. Mkiona mmeto, hesabuni sekunde mpaka ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, tayari mko hatarini. Teremkeni kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake, mdomo wa pango na kibanda kisicho na kuta. Gari lenye paa la chuma ni kinga nzuri. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo muendelee.

Msishikane mikono, ingawa hofu itawavuta kufanya hivyo. Achaneni mita 15 hadi 20, lakini muonane, ili pigo moja lisiwaangushe wote na abaki wa kumsaidia mwenzake. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila woga. Kama hapumui kawaida na haitiki, piga simu ya dharura, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache mpaka apumue au msaada ufike. Pasipo mtandao, usimwache kwenda kutafuta simu. Endelea kumkandamiza, na unapopata mwanya puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu la waokoaji ni mipulizo mitatu.