Jibu: Mbunge atusaidieje na mgao wa maji?

Dada, umeuliza mbunge wetu wa mjini anafanya nini hasa, wakati Nkuhungu maji ni ya mgao na Bunge lipo hapa hapa Dodoma. Swali la haki kabisa, ndoo tunabeba sisi.

Mbunge hachimbi kisima wala hagawi bajeti. Katiba, ibara ya 63, inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kwa hiyo nguvu yake ni kumbana waziri kwa swali. Wakati wa kumbana zaidi ni kuanzia Aprili hadi Juni, bajeti ya Wizara ya Maji inapojadiliwa. Nje ya hapo kuna Mfuko wa Jimbo, lakini huo ni wa miradi midogo.

Kitu wengi wanasahau: mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikisimamia viwanja, ivunjwe mwaka 2017, mambo ya viwanja yako Halmashauri ya Jiji, kwa hiyo huko nako ana sauti.

Andikeni barua kupitia mwenyekiti wa mtaa, mtaje siku ambazo maji hayatoki, nakala kwa diwani. Mbunge akiwa na tarehe mkononi, waziri hawezi kumjibu kijuujuu. Ifanyeni kabla ya Aprili.