Saa ya yule mzee ilisoma 2.41

Juzi usiku kijana wa kidato cha tatu aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nataka kucheza besiboli ya kulipwa Marekani. Nianzie wapi?" Akaambatanisha picha yake, amejikunja kama anataka kurusha, na glavu ameivaa mkono uleule anaorushia. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nami nilianza hivyohivyo.

Nilijifunza mchezo huu shuleni, Dar es Salaam, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani ambaye hakukanyaga uwanja kabla ya kuuinamia. Wapita njia wakituuliza kama ile ni kriketi. Mashindano yetu ya taifa tuliyaita Koshien, kama yale ya wanafunzi wa sekondari huko kwao, na sisi tukaamini tuko njia moja na Wajapani. Mimi nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na nasema bila aibu: wilaya nzima hakuna aliyeniweza.

Nikapata nafasi ya majaribio nje ya nchi. Safari na viza siisimulii, ilikuwa kero tupu. Siku yenyewe tulipangwa mstari. Unadaka mpira, unainuka, unarusha hadi besi ya pili, kile kituo anachokimbilia mpinzani, karibu mita 39. Mzee mmoja mwenye kofia iliyopauka alikuwa na saa ya kubonyeza. Nilirusha, mpira ukafika kifuani mwa mwenzangu, safi kabisa. Nikamtazama mzee nikitabasamu. Akanigeuzia saa: sekunde 2.41. Hakusema neno, akaita jina linalofuata.

Wadakaji wa Ligi Kuu ya Marekani hurusha kwa sekunde 2 hivi. Karibu nusu sekunde, jamani! Mwizi wa besi, yaani mkimbiaji anayechomoka kuwahi besi inayofuata, anakuwa ameshafika na kujikung'uta vumbi. Miaka yote ile hakuna kocha aliyewahi kunipima, walinipigia makofi tu. Hilo bado linaniuma, sifichi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, mdogo wangu: pimwa. Usisubiri mgeni aje na saa yake. Simu yako ina saa.

Wa pili, acha kuangalia siku moja ya Gift Ngoepe. Kila mtu anaijua: 26 Aprili 2017, Pittsburgh, kijana aliyekulia kwenye chumba kidogo cha klabu ya Randburg, Afrika Kusini, ambako mama yake alifanya kazi, anaingia uwanjani. Mpira wa kwanza aliopiga ulitoka kwa mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, akafika besi ya kwanza. Mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu ile. Hata mimi nilitokwa na machozi.

Ila alisaini mkataba mwaka 2008. Hesabu mwenyewe. Miaka yote hiyo ni ligi ndogo, zile za chini ya Ligi Kuu: mabasi ya usiku, miji ambayo hutaijua jina, mshahara wa kubana. Msimu ule wa 2017 alicheza mechi 28. Mwaka uliofuata, na timu ya Toronto, 13. Basi, Ligi Kuu ikaishia hapo.

Na pesa? Mkataba wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo wa 2023 uliweka kima cha chini cha mshahara cha ngazi ya juu kabisa ya ligi hizo kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Mwaka huohuo Ligi Kuu kima cha chini kilikuwa dola 720,000. Wanakaa mlango wa pili, lakini ukuta kati yao ni huo. Nyinyi vijana mnaota ile ya pili na hamuulizi mtakula nini mkiwa kwenye ile ya kwanza. Mnataka kuvaa jezi, hamtaki kufua. Mnapiga picha na gongo begani, miguu hamuifanyii mazoezi, na mrusho wa mdakaji unaanzia miguuni! Ningelijua hilo nikiwa na miaka 15, leo nisingekuwa naandika makala.

Makocha watakwambia anayefanikiwa kupiga mara tatu katika kumi ni nyota. Kweli. Mimi nilipata mbili na bado nilijiita nyota.

Ushauri wa tatu ni ule wa kwanza: pimwa.

Kijana, kwanza hamishia glavu mkono wa kushoto. Kisha nirekodie ukirusha hadi besi ya pili, mara kumi, miguu ionekane. Video za kupiga usinitumie.