Na Mti Umekosa Nini?

Mwalimu mgeni, ukiripoti kituoni kwetu huku milimani Lushoto, siku ya kwanza utaonyeshwa darasa lako, choo cha walimu na mti mmoja wa mkulo nyuma ya ofisi. Darasa na choo utavizoea. Mkulo ndio wenye maneno, kwa sababu aliyeutunza tumemzika mwezi uliopita na wewe hukumkuta.

Mzee alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Siku hizi neno hilo hutamkwa kama tusi, na mimi nililitamka hivyo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ilitakiwa kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wakijifunza kufundisha. Mzee alianzia hapo, akajiendeleza, akastaafu na miaka yake 60. Alijenga ng'ambo ya bonde tu, akawa anapita shuleni karibu kila asubuhi, basi kustaafu kwake tulikujua kwa barua.

Mimi nilifahamiana naye kwa aibu. Mwezi wangu wa kwanza kazini wanafunzi sita walichelewa namba, nikawapa adhabu ileile niliyopewa nikiwa mdogo: kila mmoja achimbe shimo na kupanda mche. Mzee akatokea na bakora yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hawa wamekosa nini?"

"Wamechelewa."

"Na mti umekosa nini?"

Akaenda zake, nami nikacheka. Kabla mwaka haujaisha, mitano kati ya ile sita ilikuwa imeng'olewa, na sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Kwa hiyo jembe, kitalu na ndoo ya kumwagilia usivifanye fimbo. Kama umekosa adhabu nyingine, huenda kosa lenyewe halikuhitaji adhabu.

Siku nyingine nilikuwa nafundisha reptilia, nimechora mjusi ubaoni, najisifu moyoni kwa mchoro. Mzee akaomba dakika chache. Kwenye mkono wa koti lake alikuwa amekaa kinyonga. Nusu ya darasa ilikimbilia ukutani, maana kinyonga anaogopwa kuliko nyoka. Mzee hakuwahubiria kwamba hana sumu. Aliuliza tu: jicho la kushoto linatazama wapi? Na la kulia? Wakaanza kubishana, na ubishi ukawasogeza mmoja mmoja hadi wakamzunguka. Tulipotoka aliniambia, "Ukiwaambia macho yake huzunguka kila moja kivyake, watakujibu kwenye mtihani. Wakiona wenyewe, watakuuliza kwa nini." Nimeurudia mtindo huo miaka yote, ila kinyonga namshika kwa kijiti kirefu. Uoga wangu haukupona.

Kuna mahali msimuige. Andalio la somo kwake lilikuwa adui, na madaftari ya wanafunzi yalikaa wiki nzima bila kusahihishwa kwa sababu alikuwa korongoni akifuata hondohondo. Mthibiti ubora wa shule hatakuuliza habari za hondohondo. Aligombana pia na majirani wawili kuhusu mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi. Alikuwa na haki, mikaratusi hunywa maji mengi, lakini mdomo wake ulimgharimu salamu za watu kwa miaka.

Kuhusu upandaji: tarehe 1 Aprili, siku ya kitaifa ya kupanda miti, wageni watakuja, picha zitapigwa. Panda nao, hakuna ubaya, masika yanakuwa yameshika. Ila ripoti ya Mzee ilikuwa ya Oktoba, kiangazi kikishapita na vuli haijaanza. Alizunguka na wanafunzi wakihesabu iliyopona, na iliyoliwa na mbuzi waliiandika imeliwa na mbuzi. Mwaka mmoja hesabu ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwalimu mkuu wa wakati huo aliomba isibandikwe. Ilibandikwa.

Na huo mkulo hakuupanda. Mti mama ulikatwa zamani kwa ajili ya mbao, kikabaki kisiki, na mkulo una tabia ya kuchipua mizizini. Mzee alichagua chipukizi moja, akalizungushia miti ya uzio, akaufanyia uzio huo ukarabati kila mwaka. Hukua polepole mno. Usitundike kengele hapo, tafadhali.

Pembeni ya mkulo utaona kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, limefungwa kwenye nguzo. Ni la mvua. Husomwa saa tatu asubuhi kwa rula, kwa milimita, kisha humwagwa na kuandikwa kwenye kaunta buku, hata siku ya sifuri. Rula iko kwenye droo ya meza ya mwalimu wa zamu. Wiki hii zamu ya kulisoma ni ya darasa la tano, na yule mfupi wa mbele huzidisha, kwa hiyo simama naye.