Stuli za kaunta "za Mjerumani": ni za kale kweli, na bei yake iweje?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tabora mjini, Kiloleni. Kuna mzee anauza vyombo vya nyumba kwa sababu anahamia kwa mwanawe Dodoma, na kati ya vitu hivyo zipo stuli mbili ndefu za kukalia kaunta ya jikoni. Mgongo ni wa duara lililorefuka, miguu ya mbele imekerezwa, inapungua unene kwenda chini na ina mifereji. Pale mguu unapokutana na kikalio pana kipande cha mraba kilichochongwa ua dogo. Kikalio ni leza iliyopigiliwa misumari ya vichwa vya shaba, na kikanyagio kimevishwa bati la shaba. Mzee anasema zilitoka nyumba ya Mjerumani enzi za ujenzi wa reli, kwamba ni mninga, na anataka 600,000 kwa zote mbili. Nilipogeuza moja niliona skrubu za nyota na vitundu vidogo pembeni mwa mbao. Je, ni za kale? Na bei hiyo ni halali?

JIBU: Marahaba, mama. Vizuri sana kwamba uliigeuza. Juu ya kiti kuna mapambo ya kumvutia mnunuzi, na habari za kweli zimebaki upande wa chini ambako fundi hakutarajia mtu aangalie.

Nianze na sura. Mguu ulionyooka, wa duara, wenye mifereji, ua ndani ya mraba na mgongo wa duara refu: hizo ni alama za mtindo wa Kifaransa wa enzi ya Mfalme Louis XVI, aliyetawala kuanzia 1774 hadi 1792. Enzi ya mtangulizi wake, Louis XV, miguu ilipindwapindwa na ilikuwa nadra kuona mstari ulionyooka. Kama miguu ingekuwa imepinda kwenda nje, mbele na nyuma, ningekwambia ni mtindo wa kiti cha Wagiriki wa kale kiitwacho klismos. Kwa hiyo mtindo tumeupata, hauna utata.

Umri ni habari nyingine. Mtindo huo ulirudiwa Ulaya karne ya 19 na ya 20, na leo karakana yoyote yenye mashine ya kukereza inaweza kuutoa. Tena angalia kimo. Kikalio cha stuli ya kaunta hukaa sentimita 60 hadi 68 kutoka sakafuni kwa kuwa kaunta yenyewe huwa na sentimita 90 hivi. Katika nyumba za wakubwa wa enzi ya Louis XVI jikoni palikuwa pa watumishi. Bwana na bibi hawakwenda kula huko. Kula kwenye kaunta ya jikoni ni desturi iliyoenea majumbani karne ya 20, Marekani hasa, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mapambo ya mfalme juu ya kimo cha kaunta ni dalili tosha kwamba kitu kimetengenezwa siku za karibuni.

Hadithi ya Mjerumani nayo tuipime kwa tarehe. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na utawala wa Kijerumani mjini humo ukaisha. Skrubu ya nyota ilisajiliwa Marekani na Henry Phillips miaka ya 1930. Mjerumani wa Tabora asingeweza kuwa nayo.

Hata hivyo usimkatalie mzee kwa skrubu peke yake, maana fundi wa matengenezo huweka skrubu aliyonayo. Fungua moja taratibu. Kama kuna tundu jingine la zamani karibu, au alama nyeusi ya kutu isiyolingana na kichwa cha skrubu hiyo, ilibadilishwa. Kama tundu ni moja, safi, na skrubu zote zinafanana, ndizo zilizozaliwa na stuli. Ukiwa hapo chini, tazama mbao za ndani ya fremu: mistari ya upinde imeachwa na msumeno wa duara, yaani mashine. Ukikuta plaiwudi chini ya sponji, au leza imebanwa kwa pini za bunduki ya kubania, utafiti umekaribia kwisha.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda. Mguu uliokerezwa huanza ukiwa duara kamili, lakini mbao inapokauka kwa miaka haisinyai sawasawa. Husinyaa zaidi kwa kufuata pete za ukuaji kuliko kwa kuzikata. Mguu wa kale ukiupima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) pande mbili hutoa vipimo viwili tofauti. Kwenu kipimo hiki kina kasoro: mninga husinyaa kidogo sana, ndiyo maana maseremala wanaugombania, hivyo ukikuta duara kamili usihukumu haraka.

Je, ni mninga kweli? Kwangua kidogo sehemu isiyoonekana. Kiini cha mninga ni kahawia ya dhahabu au yenye wekundu, na michirizi iliyokolea. Nje ya gogo pana ukanda mweupe wa manjano. Ikiwa nyekundu zaidi na nzito mkononi, fikiria mkurungu, mti wa jamii moja na mninga. Mti wa rangi moja iliyofifia uliopakwa rangi juu hauna thamani hiyo hata kidogo.

Vitundu vikiwa kwenye ukanda huo mweupe, si ajabu: wadudu hupenda sehemu nyeupe, kiini hukiacha. Watu wa Tabora mnamjua dumuzi wa mahindi. Hawa wa mbao ni jamaa zake. Weka karatasi nyeupe chini, gonga mguu. Unga mwepesi ukidondoka, bado wamo, na stuli isiingie ndani kabla ya kutiwa dawa. Bati la shaba lijaribu kwa sumaku: ikinata, ni chuma kilichopakwa.

Sasa bei. Stuli hizi si za kale, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia historia. Zithamini kwa kazi iliyofanyika. Piga picha, uwaulize maseremala wawili wangetoza kiasi gani kutengeneza mbili kama hizo kwa mninga. Watataja kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu ya mifereji na yale maua, kazi ya patasi isiyokimbizwa. Kutoka hapo toa gharama ya leza mpya, sponji na dawa. Mimi, kwa maelezo uliyonipa, nisingevuka laki nne kwa zote mbili, tena baada ya kuhakikisha kiini ni mninga, viungo havichezi na miguu haikukatwa. Mguu uliokatwa utaujua kwa ncha inayokoma ghafla na kikanyagio kilicho chini kupita kiasi.

Kabla ya kwenda, pima kaunta yako. Kati ya kikalio na uso wa kaunta pabaki sentimita 25 hadi 30. Za kwetu zinazojengwa kwa tofali na vigae huwa na vimo vya kila aina, na stuli isiyokutosha ni ghali hata ukipewa kwa laki moja.