Guanyin ni wa rehema au wa huruma?

Swali: Natafsiri maelezo mafupi ya picha ya wino ya Kichina inayomwonyesha Guanyin wa dini ya Kibudha. Nimeandika "Mungu wa Kike wa Rehema". Mwenzangu anashikilia "huruma". Nani yuko sahihi?

Jibu: Niko upande wa mwenzako, na hilo "Mungu wa Kike" nalo ningeliondoa.

Rehema kwetu hushuka. Tunaiomba kwa Mwenyezi Mungu, na ndiyo iliyozaa neno marehemu. Huruma humwingia mtu aonapo dhiki ya mwenziwe. Mtoto akianguka njiani, mpita njia humwonea huruma kabla hajajua ni wa nani. Litazame hilo "kumwonea": ndani yake mna kuona. Na Guanyin ni kifupi cha Guanshiyin, yaani atazamaye sauti za dunia, vilio vya walio taabuni. Sauti inatazamwaje? Sisi tunaosema "naona baridi" na "nasikia harufu" hatuhitaji kufafanuliwa sana. Ndiyo maana naona "huruma" limelikaribia jina lenyewe kuliko neno lolote tulilo nalo.

Tena Guanyin si mungu. Ni bodisatva, yaani aliyeweka nadhiri ya kuwavusha wengine katika mateso. Kuhusu "wa kike", India alionyeshwa kama mwanamume, na China akapata polepole sura ya mwanamke. Kiswahili kimekuondolea mzigo huo: "amekaa", "anatazama", basi.

Kama picha yako ni ile ya mtawa Muqi, ya karne ya 13, iliyochorwa juu ya hariri na kuhifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji, Kyoto, Japani, chunga maneno mawili zaidi. Usiandike "sanamu", msomaji atafikiria jiwe au mti. Na ule ukungu unaomzunguka usiuite "wino mwepesi" tu. Ni wino uliozimuliwa kwa maji, na kuzimua ndiko kazi ya mchoraji huyu ilipo. Amemkalisha Guanyin mwambani kando ya maji, vazi jeupe limefunika hadi mikono, na pembeni kijiti cha mwerebi. Hakuna anayelia pichani.

Andika hivi: "Guanyin, bodisatva wa huruma, amekaa kando ya maji. Wino na rangi hafifu juu ya hariri."